Uvimbe wa pafu kuondolewa mgonjwa akipumua mwenyewe: maswali yenu na majibu

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja: uvimbe wa pafu kuondolewa kwa tundu dogo bila mgonjwa kulazwa nusukaputi kwa bomba na mashine ya kupumulia. Tumechagua saba zinazobeba maswali ya wengine. Majibu yetu hayachukui nafasi ya daktari aliyeshika picha ya CT ya mgonjwa mkononi. Yanamsaidia msomaji kujua aulize nini.

*Shikamooni madaktari. Mama yangu ana miaka 66. Ameonekana na uvimbe wa sentimita 1.8 pembeni mwa pafu la kulia, na daktari anasema anaweza kuondolewa akiwa macho. Mimi nimeshtuka. Mtu anafunguliwaje kifua akiwa macho, asisikie?*

Marahaba. Tuanze na hilo neno “macho”, maana ndilo linalowatisha wengi. Lina maana mbili, na ni vizuri umuulize daktari anakusudia ipi. Ya kwanza ni mgonjwa kuwa macho kweli: anasikia sauti, anajibu akiulizwa, ametiwa ganzi tu na pengine dawa kidogo ya kumtuliza. Hii inafaa kazi fupi, kama kunyofoa kivimbe kilicho ukingoni mwa pafu au kuchukua kinyama cha kupima. Ya pili ni mgonjwa kusinzia kwa dawa za mshipa, mara nyingi propofoli au deksmedetomidini, huku akiendelea kupumua mwenyewe. Huyu hakumbuki kitu akiamka. Upasuaji mwingi unaoitwa “wa macho”, hasa ukiwa mkubwa, kwa hakika ni huu wa pili. Zote mbili zinafanana kwa mambo matatu: hakuna bomba ndani ya koo la pumzi, hakuna dawa ya kulegeza misuli, na hakuna mashine inayomsukumia mgonjwa hewa.

Kuhusu kusikia maumivu, ganzi hutiwa kwa tabaka. Ngozi na misuli ya mahali pa kukata hudungwa lidokaini. Kisha huja neva zinazopita chini ya mbavu. Daktari wa upasuaji akishaingiza kamera huzidunga moja moja kutoka ndani, kuanzia ubavu wa 3 hadi wa 8, huku akiona kwa macho yake dawa ikiuinua utando wa ndani ya kifua kama lengelenge. Neva sita, kila moja mililita 2 za bupivakaini ya asilimia 0.5, ni miligramu 60. Timu nyingine hutumia epidurali, yaani mrija mwembamba mgongoni usawa wa kifua. Epidurali huua maumivu vizuri, lakini huweza kushusha presha.

Pafu lenyewe likikatwa haliumi kama ngozi inavyouma. Shida yake ni kikohozi. Ukilivuta karibu na shina lake, mahali mishipa na njia za hewa zinapoingilia, mwili hukohoa bila hiari, na kikohozi kimoja wakati chombo kimeshika mshipa mkubwa ni hatari tupu. Kwa hiyo mililita 2 hadi 3 za bupivakaini ya asilimia 0.25 hudungwa kando ya neva ya vagasi, ile inayobeba ujumbe wa kikohozi, ndani ya kifua. Upande wa kulia ni jirani na sehemu ya chini ya koo la pumzi. Upande wa kushoto ni kati ya upinde wa aota na mshipa mkuu wa mapafu. Hapo kikohozi hutulia kwa saa kadhaa. Wengine humvutisha mgonjwa mvuke wa lidokaini kabla ya kuanza.

Dawa hizi zote huhesabiwa pamoja. Kipimo cha juu cha bupivakaini ni takriban miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 60 asipite 120 au hapo karibu, na lidokaini nayo inaingia katika hesabu. Zikizidi, mgonjwa aliye macho huanza kusema ana ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma, midomo imekufa ganzi. Baadaye huja degedege na moyo kupoteza mpigo. Dawa ya kuokoa ni mafuta ya mshipa ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo kwa kuanzia. Yawe chumbani, siyo stoo.

*Pafu linapanda na kushuka kila pumzi. Daktari anawezaje kukata kitu kinachotembea? Na mgonjwa anapumuaje kifua kikiwa wazi?*

Swali hili ndilo kiini cha mambo yote. Pafu halijishikilii lenyewe likiwa limejaa. Linavutwa liwe wazi na mgandamizo ulio chini ya ule wa hewa ya nje, katika nafasi nyembamba kati yake na ukuta wa kifua. Tundu likitobolewa, hewa ya nje huingia katika nafasi ile na pafu hunywea lenyewe kama puto lililofunguliwa mdomo. Halisukumwi wala kufinywa. Mgonjwa amelazwa ubavu, upande mzima ukiwa chini, na pafu hilo la chini ndilo linalobeba kazi ya kupumua. La juu hubaki limenywea, likitikisika kidogo tu kwa kufuata kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo.

Sasa ugumu wake. Mgonjwa akivuta pumzi, moyo na vilivyo katikati ya kifua huvutwa kuelekea chini. Akitoa, hurudi juu. Mtikisiko huu ukiwa mkubwa, daktari anafukuzana na mishipa. Jambo la pili halionekani kwa macho: pafu la chini linapotoa hewa, sehemu ya hewa hiyo chafu huingia katika pafu lililonywea, na pumzi inayofuata huirudisha tena chini. Mgonjwa anazungusha hewa ileile, na kaboni dioksidi hupanda katika damu.

Kwa mtu mwenye moyo na ubongo mzima, kupanda kwa wastani kunavumilika. Kawaida ni milimita 35 hadi 45 za zebaki. Wakati wa upasuaji huu timu nyingi hukubali ifike 55 au 60, mradi oksijeni iko sawa na presha imetulia. Oksijeni nayo huweza kushuka dakika za mwanzo pafu linaponywea, kisha ikapanda mwili unapoelekeza damu kwenye pafu linalofanya kazi. Mgonjwa hupewa oksijeni kwa barakoa, au kwa mirija ya pua ya mtiririko mkubwa. Kipimo cha kaboni dioksidi kinachowekwa puani husoma chini ya kilichomo kwenye damu, kwa hiyo timu makini hupima damu ya ateri. Ukiuliza swali moja tu kabla ya upasuaji, uliza hili: damu ya ateri itapimwa mara ngapi?

Kasi ya pumzi hutulizwa kwa kiasi kidogo cha remifentanili, dawa ya mshipa ya jamii ya mofini. Ikizidi, mgonjwa husahau kupumua. Ikipungua, anahema na kifua kizima kinacheza. Kuishika katikati ndiko kazi kubwa ya daktari wa usingizi siku hiyo.

*Kama kuna ugumu wote huo, kwa nini wasitumie tu bomba na mashine kama siku zote? Faida iko wapi?*

Swali la haki. Njia ya kawaida inatumia bomba lenye njia mbili, lililoletwa na daktari Carlens wa Sweden mwaka 1949, ili pafu moja lipewe hewa na jingine lizimwe. Ni kifaa kilichookoa watu wengi na bado ndicho msingi wa upasuaji wa kifua duniani. Lakini ni nene, takriban milimita 12 hadi 14 kwa nje, na huacha koo likiuma, sauti imekwaruza, na mara chache sana huchana njia ya hewa. Pafu linalosukumiwa hewa na mashine huweza kujeruhiwa na msukumo huo, na dawa ya kulegeza misuli isipotoka yote mwilini humwacha mgonjwa hana nguvu za kukohoa, kisha makohozi yanakaa na nimonia inafuata. Kwa mtu ambaye mapafu yake yalikuwa dhaifu tangu mwanzo, haya si madogo.

Kuchungulia kifua kwa ganzi tu si jambo geni: daktari Jacobaeus alifanya hivyo Stockholm, Sweden, mwaka 1910. Jipya ni kuondoa uvimbe kwa njia hiyo. Mwaka 2004 daktari Pompeo na wenzake huko Roma walichapisha jaribio la wagonjwa 60 wenye kivimbe kimoja cha pafu, nusu wakiwa macho kwa epidurali na nusu wakilazwa kwa bomba, na likaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2011 timu ya Taiwan ikachapisha uondoaji wa pande zima la pafu (moja ya sehemu kubwa zinazounda pafu) lenye saratani bila bomba.

Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri huamka wepesi, hunywa maji na kutembea mapema, hupata shida chache za koo, na mara nyingi hutoka hospitali mapema kidogo. Haijathibitika kwamba saratani inapona zaidi au mtu anaishi muda mrefu zaidi kwa sababu tu hakuwekewa bomba. Anayekuahidi hilo anakuuzia matumaini. Na mtu mwenye mapafu imara anayepewa bomba na timu iliyozoea bomba hapotezi kitu kikubwa.

*Baba yangu ana kilo 98 na urefu wa mita 1.70. Aliwahi kuugua kifua kikuu akapona. Anataka sana njia hii. Anafaa?*

Kwa maelezo haya, tungemwambia mzee kwa heshima kwamba hapana, afadhali bomba.

Uzito kwanza. Gawa 98 kwa 1.70, kisha jibu ligawe tena kwa 1.70, unapata 33.9, yaani kipimo cha uzito kwa urefu (BMI). Timu nyingi huishia 30, na nyingine zina mpaka wa chini zaidi. Mtu mnene akilala ubavu, tumbo husukuma kiwambo juu na pafu la chini, lile ambalo tunalitegemea, hubanwa. Akisinzia, koo lake huziba kwa urahisi. Na likitokea la kutokea, kumwekea bomba akiwa amelala ubavu ni kazi ngumu.

Kifua kikuu ndicho kinachotutia hofu zaidi. Huacha makovu yanayolinatisha pafu kwenye ukuta wa kifua, na pafu lililonata halinywei hata ukitoboa tundu. Kubandua makovu hayo kunachukua muda, kunavuja damu, na kunaweza kulichana pafu. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinaweza kutoa dokezo: pafu huru huonekana likiteleza chini ya mbavu kila pumzi, lililonata halitelezi. Picha ya CT haioneshi makovu yote.

Wengine wasiofaa ni wenye makohozi mengi, damu isiyoganda vizuri, aliyewahi kufunguliwa kifua upande huohuo, mwenye koo gumu kuwekewa bomba, na yule ambaye kiwambo cha upande wa pili kimepooza. Uvimbe mkubwa, au ulio jirani na mishipa mikuu ya shina la pafu, nao uende kwa bomba.

*Nini kinatokea mambo yakiharibika katikati?*

Mgonjwa anahamishiwa kwenye bomba. Tunataka msomaji alielewe hili vizuri kuliko jambo jingine lolote katika ukurasa huu, kwa sababu usalama wa njia nzima umekaa hapa. Kuhama siyo kushindwa. Timu inayochelewa kuhama kwa kutaka kulinda sifa yake ndiyo inayoua.

Sababu za kuhama ni oksijeni kubaki chini ya asilimia 90 hata baada ya kusaidiwa kwa barakoa, kaboni dioksidi inayoendelea kupanda huku damu ikiwa na asidi zaidi, mtikisiko wa kifua usiotulia, makovu mengi kuliko ilivyotarajiwa, kikohozi kisichokoma, kuvuja damu, au mgonjwa aliye macho kuingiwa na hofu asiweze kutulia. Hofu hii ni ya kweli kabisa. Pafu linaponywea, mtu huhisi kukosa pumzi hata kama kipimo cha oksijeni kinasoma asilimia 97. Aambiwe mapema kwamba hisia hiyo itakuja na kwamba hupungua baada ya dakika chache, na awepo mtu kichwani pake wa kuongea naye.

Utaratibu wenyewe unakwenda hivi. Vyombo hutolewa kifuani. Mrija wa kifuani hupitishwa kwenye jeraha, jeraha likafunikwa kwa karatasi ya plastiki inayonata, na mrija ukaunganishwa na kifaa cha kunyonya ili pafu lijae tena. Hapo mgonjwa ana mapafu mawili, na daktari wa usingizi amepata muda. Humpa oksijeni tupu kwa barakoa, dawa ya kulala na ya kulegeza misuli, kisha humwekea bomba akiwa vilevile ubavu, akitazama kwa kamera ya koo. Bomba ni la njia moja, namba 7.5 au 8, na ndani yake hupitishwa kizibo chenye puto kinachofunga pafu la upande unaopasuliwa, kikielekezwa kwa kamera nyembamba. Bomba la njia mbili halichaguliwi hapa kwa sababu kulipitisha mtu akiwa ubavu ni vigumu. Kumgeuza alale chali kunakula dakika na kuvuruga usafi wa eneo la upasuaji.

Kukiwa na damu, mpangilio hubadilika: kwanza kubana. Kitonge cha shashi kilichoshikwa kwa koleo refu hukandamizwa juu ya mshipa na hakiondolewi mpaka bomba liwe limekaa. Anayekimbilia kushona wakati kifua kinatikisika huongeza tundu.

Bomba, kizibo na kamera viwe vimefunguliwa na kupimwa kabla ya kisu cha kwanza. Muulize daktari wako: nani atamwekea mgonjwa bomba akiwa ubavu, na amekwisha kufanya hivyo mara ngapi? Jibu la kusitasita ni jibu tosha.

*Nikitolewa sehemu ya pafu, litakalobaki litanitosha?*

Hesabu yake ni rahisi. Pafu la kulia lina mapande matatu, la kushoto mawili, na yote yamegawanyika katika vipande 19: kumi kulia, tisa kushoto. Chukua kipimo chako cha kupuliza, yaani hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza kwa asilimia ya inayotarajiwa, uzidishe kwa vipande vitakavyobaki, ugawe kwa 19. Ukiwa na asilimia 70 na unatolewa pande la juu la kulia lenye vipande 3, ni 70 mara 16 gawa kwa 19, takriban 59. Hesabu hiyohiyo hufanywa kwa kipimo cha gesi kupenya kwenye damu. Vyote viwili vikizidi 60, huhitaji vipimo zaidi. Kimojawapo kikiwa kati ya 30 na 60, unapimwa kwa kupanda ngazi au kutembea. Chini ya 30, unapimwa kwa mazoezi kwenye mashine.

Si kila uvimbe unadai pande zima. Majaribio mawili makubwa, la Japani lililochapishwa 2022 na la Marekani la 2023, yaliwachunguza wenye saratani ya pembeni isiyozidi sentimita 2, na waliotolewa sehemu ndogo hawakuishi muda mfupi kuliko waliotolewa pande zima. Lakini ukingo safi ni lazima: nyama nzima kuzunguka uvimbe iwe sentimita 2, au angalau sawa na upana wa uvimbe wenyewe. Na tezi za limfu zichukuliwe kutoka angalau vituo (makundi ya tezi) vitatu vya katikati ya kifua na kimoja cha shina la pafu. Kituo kilicho chini ya panda ya koo la pumzi huchokoza kikohozi sana, na hapo ndipo kishawishi cha kukiruka huja. Kisirukwe. Kama hakifikiki kwa usalama mgonjwa akipumua mwenyewe, awekewe bomba.

*Nijiandae vipi, na nitegemee nini baada ya hapo?*

Chakula kikomee muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa 2 kabla. Hili lina uzito wa pekee, maana koo halijazibwa na bomba na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Sigara iachwe, wiki 4 kabla ikiwezekana. Ukipata mafua au kikohozi kipya, piga simu, upasuaji utasogezwa. Ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiziache kwa uamuzi wako, lakini hakikisha daktari wa usingizi anazijua: warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5, klopidogreli siku 5 hadi 7, hasa kama kuna epidurali, kwa sababu damu ikivujia mgongoni inaweza kupoozesha miguu.

Ukiamka utakuwa na jeraha la sentimita 3 au 4, au matatu madogo, na mrija wa kifuani ulioungana na chupa ya maji. Maji kwenye mrija yakipanda na kushuka na pumzi zako, mrija uko wazi. Mapovu ukikohoa yanasema kuna hewa inayovuja kutoka kwenye pafu. Mengi hukauka siku chache, na yakivuka siku 5 timu hubadilisha mpango. Usiinue chupa juu ya kifua chako, hata unapokwenda chooni. Mrija hutolewa hewa ikikoma na majimaji yakipungua, wengi wakikubali chini ya mililita 200 hadi 300 kwa siku.

Ukipata ruhusa utakunywa maji saa chache baada ya upasuaji na kutembea siku hiyohiyo. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6 inywewe kwa saa, bila kusubiri maumivu, na isizidi gramu 4 kwa siku. Mtu anayeogopa maumivu hakohoi, na asiyekohoa hupata nimonia. Kumbatia mto kifuani, kohoa.

Rudi hospitali upesi ukipata pumzi fupi ya ghafla, homa ya 38 au zaidi, damu kwenye makohozi, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au ngozi ya shingo na kifua iliyovimba na kulia kama mchele ukiiminya. Ndege isubiri mpaka picha ya kifua ithibitishe kwamba hewa yote iliyobaki kati ya pafu na ukuta wa kifua imeisha, kisha uongeze siku 7.